Kumwamsha Aliyelala Garini

Jua haliingii jikoni kwetu. Nyumba za mtaa wetu hapa Aston, Birmingham, zimeshikana bega kwa bega, na jiko liko nyuma, upande ambao ukuta hauachi kuwa na unyevu hata mwezi wa Juni. Kukanda unga wa mandazi katika jiko kama hilo kunataka subira. Unauacha asubuhi ukiwa na matumaini, unarudi mchana unaukuta umekaa vilevile kama jiwe la mtoni. Mimi hupika mandazi kila Jumamosi kwa ajili ya chai ya baada ya ibada, na kwa miaka mingi nilikuwa nikilifunga beseni kwa blanketi kama mgonjwa.

Jirani yangu wa mkono wa kushoto ndiye aliyenipa njia nyingine. Ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, mjane, na Kiswahili chake amekuja nacho kutoka huko na hajakubali kukibadilisha kwa ajili ya mtu yeyote. Siku moja aliniona nikitoka na beseni uani kutafuta kipande cha jua.

"Msichana," alisema juu ya ukuta, ingawa nimepita arobaini, "si uweke hiyo unga ndani ya gari?"

"Ndani ya gari, Mama?"

"Gari yako iko hapo mbele, imekaa bure. Mimi maziwa yangu ya mgando naweka kwa gari ya kijana yangu. Yeye anakasirika, anasema gari inanuka ng'ombe. Lakini maziwa inashika vizuri sana."

"Na baridi hii?"

"Baridi iko nje. Kwa gari hakuna baridi."

Nikafanya kama alivyosema, na unga ukaumuka. Nikaendelea hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi bila kuuliza kitu, na hiyo si tabia yangu, kwa sababu mimi ni mtu wa kuuliza. Niliacha shule darasa la sita. Wazazi wetu walikufa tukiwa kambini Tanzania, baba kwanza, mama baadaye, nami nilikuwa wa kwanza kuzaliwa, kwa hiyo daftari zangu zikawa za wadogo zangu. Mtu akiacha shule katikati, maswali hayaachi kuja. Yanakuja tu na hakuna mwalimu. Nikazoea kuviuliza vitu vyenyewe: maji, moto, unga, sabuni. Vitu hujibu, ila mpaka uvingoje.

Gari lenyewe tuliachiwa na mdogo wetu wa kati alipohamia Sutton Coldfield na kununua jingine. Nyumbani tulibaki mimi na kitindamimba wetu, pamoja na mwanawe wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa ndio kwanza anajifunza kukaa bila kuegemezwa. Mdogo wangu anafanya kazi usiku katika hospitali kubwa upande wa Harborne. Anawageuza wagonjwa, anawaosha, anawapima homa. Mumewe anaendesha lori na siku nyingi za wiki hulala njiani. Mtoto alikuwa akilala chumbani kwangu, ikiwa neno kulala linafaa.

Kwa maana mtoto huyu alikuwa halali. Ukimlaza kitandani analia. Ukimfunga mgongoni anapiga mateke. Ukimweka kwenye kigari cha kusukuma ananyoosha shingo atazame mabasi. Lakini ndani ya gari, tukipita taa ya pili tu, shingo ilikuwa ikilegea. Nilikuwa nampeleka kila asubuhi kumpokea mama yake kazini, na tukirudi nyumbani alikuwa usingizini.

Hapo ndipo desturi yetu ilipoanza. Tulianza mwezi wa Februari, nakumbuka kwa sababu vioo vilikuwa na barafu. Naegesha mbele ya nyumba. Mdogo wangu anateremsha vioo viwili kiasi cha kidole kimoja, anafunga mlango kwa nyonga ili usilie, kisha ananiwekea kidole mdomoni.

"Usimguse, yaya. Acha alale."

Kwetu ndugu mkubwa huitwa yaya. Jirani yangu aliposikia mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwetu Kisumu yaya ni yule wa kulipwa mshahara. Wewe anakulipa?" Nikamwambia bado ninasubiri.

Basi mdogo wangu alikuwa akiingia ndani na kukaa kwenye kochi lililo dirishani, kulilinda gari. Mimi nilikuwa nikienda nyuma jikoni kuchemsha chai. Lakini kiti cha mtoto mdogo kinatazama nyuma ya gari, kwa hiyo kutoka dirishani alichokuwa akikiona ni mgongo wa kiti, si mtoto. Na yeye mwenyewe alikuwa amesimama usiku kucha. Nikileta chai namkuta analinda macho yakiwa yamefumbwa. Nilikuwa namfunika miguu na kuweka kikombe chini taratibu. Huo ndio ulikuwa usingizi wake wa pekee, kwa sababu mtoto akishaamka, mama yake hakuwa na nafasi tena mpaka ifike saa ya kurudi kazini.

Mtoto akilia tunamsikia. Tukimtoa, mashavu yalikuwa mekundu, nywele zimemnata shingoni, na alikuwa mtulivu kuliko wakati wowote wa siku. "Umeona alivyolala?" mdogo wangu alikuwa akisema. "Usingizi wa kitajiri."

Anayetuona kwa mbali atashangaa mbona hatukumbeba tu na kumwingiza ndani, akiamka aamke. Lazima nieleze. Kwetu mtoto aliyelala haamshwi, na kwa familia yetu hilo lilikuwa zaidi ya desturi. Kambini, mgao ulipochelewa, mama alikuwa akisema mtoto aliyelala amekula. Usingizi ulikuwa sahani. Mama alipokufa, nililishika neno hilo kama urithi wa vyombo. Wadogo zangu wakisinzia kabla chakula hakijapatikana, niliwaacha, nikakaa mlangoni kuwazuia watu wasipige kelele. Kumwamsha mtoto wakati huna cha kumpa, ulikuwa umemwamshia nini? Mdogo wangu alikua ndani ya sheria hiyo. Hakuijua kama sheria. Aliijua kama mapenzi.

Sasa turudi kwenye unga. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Mei, yenye upepo. Nakumbuka nilivaa sweta kwenda dukani, na watoto wa jirani walikuwa wamevaa makoti. Niliweka beseni kwenye kiti cha mbele, nikafunga gari, nikaingia kumenya viazi. Viazi vilikuwa vingi. Nilipotoka, kitambaa kilichofunika beseni kilikuwa kimenyanyuka na kutupwa kando. Unga ulikuwa umepanda, umevuka ukingo, umemwagika juu ya kiti na kuanza kushuka sakafuni. Juu ulikuwa umekauka ngozi, na harufu yake ilikuwa ya pombe.

"Hiyo unga inatembea mpaka sokoni," jirani alisema. Alikuwa anafagia mlangoni pake.

Nilicheka naye. Kisha nikauingiza mkono ili kuuzoa, na nikaacha kucheka. Unga ulikuwa na joto la mtu. Si joto la kitu kilichokaa juani, la: joto la mtoto mwenye homa unapomshika kiunoni. Na mkono wangu mwingine, nje ya mlango, ulikuwa unasikia upepo wa baridi.

Nikaangalia kiti cha nyuma. Nikashika kifungo cha chuma cha mkanda wa mtoto, kilikuwa cha moto, nikakiachia.

Sitasema niliogopa mara moja. Kwanza nilishangaa. Nilisimama pale na unga mkononi nikijiuliza: joto hili limetoka wapi? Injini ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Nje mtu anahitaji sweta. Hakuna aliyewasha chochote. Hofu ilikuja baadaye, wakati naosha beseni, ilipoingia akilini picha ya nywele zilizonata shingoni.

Jumatatu nikaanza kuliuliza gari. Mdogo wangu alikuwa mapumzikoni siku hizo, yupo ndani na mtoto wake, na gari lilikuwa tupu. Nilichota samli ngumu kutoka kwenye kopo, nikaiweka kwenye kisosi, kisosi nikakiweka kwenye kiti cha mtoto palepale anapokaa. Nikafunga kila kitu. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wetu na bakuli la mchele wa kuchagua.

"Leo unapika nini?" jirani aliuliza.

"Sipiki, Mama. Nauliza."

"Unauliza gari?"

"Ndiyo."

"Ikikujibu, iulize kijana yangu ataoa lini."

Sikuwa nimemaliza mchele, samli ikawa mafuta. Nikaweka samli nyingine ngumu kwenye kisosi, nikateremsha vioo viwili kidole kimoja, kama alivyokuwa akifanya mdogo wangu. Nilikuwa na hakika kwamba hapo samli itabaki kama ilivyo. Nilikuwa nimeshajiandalia maneno ya kusema: mnaona, mradi kuna hewa. Ikayeyuka vilevile. Nikateremsha vidole viwili. Ikayeyuka. Jirani naye alikuwa na hakika, yeye alidhani ni kwa sababu gari letu lina rangi nyeusi, akatoa funguo za gari jeupe la mwanawe. Tukaweka kisosi cha pili humo. Lilichelewa kidogo, kisha likajibu jibu lilelile.

"Mimi najua," alisema. Alikuwa ameleta kiti chake sasa, na chai. "Jua inaingia kwa kioo. Halafu haijui njia ya kutoka."

"Lakini dirisha liko wazi."

"Hiyo si wazi. Hiyo ni kama mtu amefungua kinywa kusema aa."

Siku iliyofuata mbingu ilikuwa na mawingu meupe, jua halionekani kabisa. Nikaweka kisosi, nikasema leo tu tutaona. Samli haikuyeyuka yote, lakini ililegea, ikazama katikati kama mto aliolalia mtu. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Nilidhani mawingu ni paa. Halafu nikasogeza gari kwenye kivuli cha nyumba za ng'ambo, na kivuli nacho kikanidanganya, kwa sababu jua lilitembea na gari halikutembea. Nilipotoka tena, boneti ilikuwa inang'aa.

Wiki hiyo ilikuwa zamu ya mtoto kupimwa uzito kliniki, na mimi ndiye niliyempeleka. Muuguzi alipomaliza nikamuuliza kwa Kiingereza changu kama mtoto hupata joto sawa na mtu mzima. Akasema hapana, mwili mdogo hupanda joto upesi zaidi, na hauna nguvu ya kujipoza kama wa kwetu. Nikamuuliza kuhusu gari na dirisha la kidole kimoja. Aliacha kuandika. Akasema dirisha la namna hiyo halimsaidii mtoto, na kwamba asiachwe garini peke yake hata kidogo, hata siku isiyo ya joto, hata kama unaingia dukani kuchukua mkate tu. Kisha akaniuliza kama kuna mtu anayemwacha. Nikamjibu kweli: tulikuwa tunamwacha, na ndiyo maana nauliza. Hakunigombeza. Alisema wengi huja kuuliza mambo mengi, hilo huwa hawaulizi.

Sasa kazi ilibaki nyumbani. Unaweza kudhani ilikuwa nyepesi: namwambia mdogo wangu, anasikia, yamekwisha. Lakini nilijua ninachokwenda kumnyang'anya. Alikuwa amekonda. Kulikuwa na siku aliweka maziwa kabatini na sukari kwenye friji. Nikimwondolea ile saa ya asubuhi kwenye kochi, sikuwa na kitu cha kumpa mahali pake.

Nilimwambia asubuhi aliporudi kwa mara ya kwanza baada ya mapumziko. Tulikuwa tumeegesha. Mtoto alikuwa macho siku hiyo, kwa bahati, ana jino linalomsumbua. Nilimweleza unga, samli, mawingu, muuguzi. Alinisikiliza akiwa ameegemeza kichwa kwenye kioo.

"Yaya, hapa ni Birmingham. Jua la hapa ni la kupiga picha tu."

"Samli imeyeyuka."

"Bon, sawa. Mwanangu si samli."

"Unga umeumuka mpaka ukafika chini."

"Wala si mandazi." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Namwona kutoka dirishani. Vioo viko wazi. Na kama si hapo, atalala wapi? Niambie. Na mimi je, nitalala wapi?"

Nikageuka nikamtazama mtoto.

"Si wewe ulinifundisha?" alisema. "Wewe ndiye ulikuwa unakaa mlangoni. Watu wakipita na madumu unawaambia sst. Mimi nilikuwa nakusikia, nilikuwa sijalala kabisa. Nilikuwa nafurahi. Sasa unataka nimwamshe?"

Hakusema kwa ubaya. Na alilosema lilikuwa kweli, na wakati wake lilikuwa sawa. Mlangoni kwetu kambini palikuwa na turubai lililopitisha upepo pande zote.

"Basi nitakaa mimi," alisema. "Mimi mwenyewe. Nikipikwa utaniona."

Akanipa mtoto, akaingia kiti cha nyuma, pembeni mwa kiti cha mwanawe, na bado amevaa sweta lake la kazini. Vioo kidole kimoja. Akanifungia mlango kwa ndani, akaniinulia mkono kama malkia anayepita barabarani. Mimi nikabaki kwenye njia ya miguu na mtoto begani, analia kwa ajili ya jino lake. Wanafunzi walikuwa wanapita kwenda shule na sweta zao. Mmoja alimwangalia mdogo wangu ndani ya gari, akaniangalia mimi, akaharakisha.

Mwanzoni alikuwa ananitania. Alijipepea kwa mkono, akajifanya anakata roho, akatoa ulimi. Nikamwonyesha kwamba namwona. Kisha akaegemea. Akafumba macho. Nikajua bado anatania, nikangoja afungue jicho moja. Hakufungua. Mdomo ulilegea. Jua lilikuwa limeshafika kwenye paa la nyumba za ng'ambo na kumwagika kwenye kioo cha upande wake. Nikaona jasho juu ya mdomo wake, halafu kwenye paji la uso, matone yenyewe. Nikagonga kioo. Hakushtuka. Nikagonga tena, akageuza kichwa upande wa pili, kama anavyofanya mtoto wake.

Nilikuwa na funguo za pili mfukoni. Nilifungua, na hewa iliyotoka ilinipiga usoni kama ya tanuri la mikate, na mtoto begani kwangu akaacha kulia, akavuta pumzi.

"Amka," nilisema. Nikamshika bega. "Amka, mama."

Alifungua macho polepole. Kwa muda hakujua yuko wapi. Aliniangalia mimi, akauangalia mtaa.

"Nimelala?"

"Umelala."

"Sikusikia joto." Sauti yake ilikuwa nzito. "Nilisikia utamu tu. Kama mtu amenifunika."

Alipeleka mkono nyuma ya shingo yake. Nywele zilikuwa zimelowa. Aliutazama mkono, kisha akainuka akanyoosha ule ule mkono na kuuweka nyuma ya shingo ya mwanawe, akauacha hapo. Nilikuwa nimejiuliza maswali mengi wiki ile, lakini hili sikuwa nimefika kuliuliza: kwamba usingizi tuliokuwa tunausifu, ule wa kitajiri, huenda haukuwa usingizi wake. Huenda ulikuwa wa gari.

Baadaye, ndani, akiwa ameshakunywa maji, yeye ndiye aliyenieleza. Hospitalini, alisema, wazee wakipata joto kali huwa hawalalamiki. Wanakuwa wazito, wanasinzia, na mtu asiyejua anashukuru kwamba leo wametulia. "Hilo nalijua," alisema. "Nalijua kabisa, yaya. Nawaamsha kila siku. Hata wakifoka na kunitukana, nawaamsha."

"Hukuliweka pamoja na mtoto."

"Mtoto nilimweka pamoja na wewe, pale mlangoni kambini."

Tangu siku hiyo kiti cha mtoto hakikubaki na mtu ndani yake gari likiwa limesimama. Injini ikizimwa, mtu wa kwanza kutoka ni yeye. Na kwa kuwa nimejua jinsi mazoea yanavyomfumba mtu macho, hufungua mlango wa nyuma hata siku ambazo nimekwenda peke yangu dukani. Natazama kiti kitupu, nafunga. Jirani alinikuta nikifanya hivyo akadhani nimepoteza kitu. Gari letu sasa hufungwa hata likiwa mbele ya nyumba, kwa sababu watoto wa mtaa hupenda kuingia kwenye magari yaliyoachwa wazi kucheza udereva, na mlango wa nyuma haufunguki kirahisi kwa mikono midogo.

Kanisani niliwaeleza kina mama wakati wa chai. Nilidhani watasema ni mambo ya wazungu. Mmoja alisema, "Watoto wetu wamezaliwa na jua, dada." Mwingine, aliyekuwa anatafuna andazi, akauliza ni jua lipi, maana wake amezaliwa hapa na tangu azaliwe anavaa soksi. Wakacheka. Kisha yule wa kwanza akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kivuli kinafaa. Nikamweleza jinsi kivuli kilivyonidanganya. Tukabaki kwenye hilo mpaka chai ikapoa, kila mmoja ana swali lake: na gari kubwa je, na kama umeacha kipoza hewa kikifanya kazi, na kama ni dakika za kumpeleka mkubwa mlangoni mwa shule. Mengine sikuyajua. Tukakubaliana kwamba tusilojua, mtoto asitumwe kutujibia.

Lakini swali la mdogo wangu lilikuwa bado halijajibiwa. Mtoto akitolewa garini anaamka mlangoni, kila siku, kama vile kizingiti kina kengele. Nikahamisha saa zangu za kazi ya usafi zikawa za jioni, na asubuhi nikamchukua mimi. Mama yake anapanda juu, anafunga mapazia. Mimi namsukuma kwenye kigari mpaka uwanja wa mpira na kurudi. Halali. Anatazama. Anatazama mabasi, anatazama njiwa, anamtazama mtu anayebadilisha gurudumu kana kwamba atalipwa kwa kutazama. Nikichoka tunakaa sakafuni sebuleni, analia, nami namwacha alie, namwimbia kidogo. Nimejifunza kwamba mtoto mwenye nguvu za kulia hivyo ana nguvu.

Mwezi wa Julai zilikuja siku za joto lenyewe, lile ambalo hata wenyeji hulalamika. Asubuhi moja nilimpokea mdogo wangu mlangoni mwa hospitali. Alikuwa amefanya kazi mfululizo kwa sababu wenzake wawili waliumwa. Alikaa pembeni yangu mbele, akafunga mkanda, na kabla sijatoka kwenye maegesho alikuwa amelala, mdomo wazi. Tulipopita taa ya pili nikasikia nyuma kumenyamaza. Nikaangalia kwenye kioo kidogo tulichokibandika ili tumwone: shingo imelegea.

Niliendesha polepole kuliko siku zote. Sikuwasha redio. Nilizunguka mara moja zaidi pale kwenye mzunguko, kwa sababu tu walikuwa wamelala na hewa ya baridi ilikuwa inavuma kutoka kwenye matundu, na nilikuwa nasikia pumzi zao mbili, moja nzito, moja nyepesi. Kisha nikafika mtaani kwetu. Nafasi ilikuwepo mbele ya nyumba, katikati ya jua.

Nilizima injini. Hewa ya baridi ikakatika.

Wote wawili walikuwa na uso mmoja. Sikuwahi kuliona hilo wakiwa macho. Mdogo wangu alikuwa na vidole vimekunjamana mapajani kama alivyokuwa akilala zamani, ndani ya turubai, nami nimekaa mlangoni. Kwenye shavu lake kulikuwa na alama ya kamba ya barakoa. Nilijua nikimgusa atakuwa amepoteza usingizi ambao pengine hautarudi mpaka kesho. Nilijua mtoto ataanza kulia kabla sijafungua mkanda wake. Mikono yangu ilikaa kwenye usukani. Ndani ya gari joto lilikuwa limeshaanza kukusanyika, nalisikia kwenye masikio.

Nikafungua mlango wangu, nikauacha wazi. Nikazunguka, nikafungua wa mtoto. Alifumbua macho akaniangalia kwa lawama kubwa, akavuta pumzi, akapasua mtaa. Nikamweka begani. Nikaenda upande wa mama yake, nikafungua, nikamshika mkono.

"Amka, mama. Tumefika."

"Yaya, kidogo tu."

"Amka."

"Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Ukalale ndani."

Alitoka akiyumba, kiatu kimoja hakijavaliwa vizuri, akaniegemea upande wa bega ambalo halikuwa na mtoto. Tulivuka njia ya miguu hivyo, watatu, mmoja analia, mmoja anasinzia akiwa anatembea. Nilimfikisha ngazini. Alipanda akishika ukuta, nikasikia mlango wa chumba, nikasikia kitanda. Mtoto alikuwa bado anapiga kelele sikioni kwangu, mgongo wake umekauka na wa baridi chini ya kiganja changu. Nikarudi nje naye kufunga milango ya gari.